Hasira Isiyomezwa

Mwanamke aliyevaa tarbushi nyekundu ya mwanamume, akashika fimbo ya kutembelea ya kijana wa kiume na kufunga njuga miguuni, hakuwa kioja katika vijiji vya Milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakuwa akichekesha watu harusini. Alikuwa amepatwa na saka, na ngoma iliyolia ililia kwa ajili yake.

Aliyetuachia maelezo ya kina ya jambo hilo ni Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi Taita kati ya 1950 na 1952 pamoja na mumewe, Alfred. Aliona wake za watu, wanawake wazima wenye mashamba na watoto, wakishikwa ghafla na mtetemo wa mabega na kifua, kichwa kikiyumba huku na huku, macho yamefumbwa. Kilichoanzisha hali hiyo mara nyingi kilikuwa kitu kidogo cha kila siku: harufu ya sigara, mlio wa gari, kiberiti kinapowashwa, ndizi, maji aliyoogea mume. Mgonjwa alitulizwa kwa kupewa alichokitamani, na hali ikizidi alichezewa ngoma ambayo mumewe ndiye aliyeigharimia. Katika makala aliyoichapisha 1957, Harris alisema kwamba katika baadhi ya sehemu hadi nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wakipatwa na saka. Kichwa cha makala hiyo kilitumia neno la madaktari wa Ulaya, lile walilozoea kuwabandika wanawake waliolia au kupiga kelele bila ruhusa, ingawa Harris mwenyewe aliliwekea alama za kunukuu, kana kwamba alijua halitoshi.

Maelezo yake yalikuwa ya wazi kuliko kichwa hicho. Ardhi ilikuwa ya wanaume, ng'ombe walikuwa wa wanaume, na fedha za ajira ziliingia nyumbani kupitia mfuko wa mwanamume. Mwanamke alilima, akavuna, akazaa na kulea, lakini kila kilichonunuliwa dukani ilimbidi akiombe. Vitu vilivyoamsha saka vilikuwa vya mume au vya ugenini, yaani vile hasa ambavyo mke hakuweza kujipatia. Ioan Lewis, aliyeandika kuhusu kupagawa duniani kote katika kitabu chake cha 1971, aliwataja wanawake hawa wa Taita kama mfano wa watu wanyonge wanaodai haki kwa njia ya mzunguko, kwa sababu njia iliyonyooka imefungwa.

Mimi naona kuna jambo ambalo wasomi wote wawili walilipita haraka. Kulikuwa na mavazi yaliyochaguliwa kwa makusudi. Kulikuwa na muziki, miondoko iliyojulikana, na hadhira iliyokusanyika ikatazama mke wa fulani akitembea kiume mbele ya mume mwenyewe. Sidai kwamba mateso ya wanawake hao yalikuwa maigizo. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini tiba yake ilikuwa sanaa, na iliwatoza wanaume fedha na kuwalazimisha kukaa kimya wakitazama. Iwapo leo msanii wa Nairobi angevaa hivyo ukumbini na kucheza hivyo, angeandikiwa uhakiki gazetini. Wanawake wa Taita waliandikiwa utambuzi wa ugonjwa.

Harris alirudi kwenye suala la hasira katika kitabu chake cha 1978 kuhusu dini ya Wataita. Hapo alieleza kutasa, ibada iliyokuwa uti wa mgongo wa dini hiyo. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni haikai moyoni tu. Inatoka kwa siri na kudhuru: mtoto anaugua, ng'ombe anakufa, mvua inakawia. Kwa hiyo mwenye uchungu hakutakiwa kuumeza. Alipewa pombe au maji, akajaza mdomo, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuifukuza hasira na kuomba heri. Na hasira ya mwanamke ilihesabiwa. Mama aliyedhulumiwa na mwanawe, mke aliyedharauliwa, kinyongo chao kilikuwa na uzito wa kuwafanya watu waugue, hata kama hawakuwa na kipande cha ardhi cha kurithisha. Sijui tamaduni nyingine nyingi zilizokiri waziwazi namna hii kwamba kumnyamazisha mtu aliyeumizwa ni hatari kwa kijiji kizima.

Hayo yalikuwa ya Dawida, kwenye milima mikubwa ya Taita. Lakini Wataita wapo pia Kasigau, mlima wa peke yake, kusini mwa Voi, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, msitu wa ukungu kileleni na nyika kavu chini. Vijiji vimeuzunguka kama watu waliokaa kuota moto: Rukanga, Bungule, Makwasinyi, Jora, Kiteghe, Ngambenyi. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika hapo Oktoba 1847, miezi michache kabla hajaiona theluji ya Kilimanjaro, na katika maandishi yake aliuita mlima huo Kadiaro. Vitabu vya historia humkumbuka yeye kwa safari hiyo. Watu waliompokea hawatajwi, na wanawake waliokuwa wakipanda na kushuka mlimani kuteka maji hata kivuli chao hakimo.

Pigo kubwa lilikuja 1915. Vita Kuu ilikuwa imefika mpakani. Majeshi ya Kijerumani yalikuwa yameshika Taveta tangu Agosti 1914, na vikosi vyao vilivuka nyika kuvizia reli ya Uganda. Kasigau ilikuwa njiani. Kambi ya Waingereza hapo iliposhambuliwa, lawama ziliwaangukia wenyeji kwamba walimwongoza adui. Nyumba zao zilichomwa, na jamii nzima, wazee kwa watoto, ikahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Adhabu hiyo iliwahusu watu wote kwa kosa lililodaiwa kuwa la wachache. Watu wa mlimani, waliozoea ubaridi na maji ya chemchemi, walishushwa kwenye joto la pwani bila shamba wala akiba. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Walionusurika waliruhusiwa kurudi Kasigau katika miaka ya 1930 tu, wakakuta ardhi yao imepunguzwa.

Najiuliza kila mara walikutana na nani huko Malindi. Mwaka mmoja tu kabla ya kufika kwao, 1914, Waingereza walikuwa wamewapiga Wagiriama, majirani wa Malindi, wakawachomea nyumba na kuwanyang'anya mbuzi. Aliyewachochea Wagiriama kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa alikuwa mwanamke, Mekatilili wa Menza, mjane, ambaye hakuwaita watu kwa barua wala kwa baraza la chifu. Aliwaita kwa kifudu, ngoma ya wanawake ya msibani. Serikali ilimkamata 1913 ikampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi, kwa sababu ilikuwa imeelewa nguvu ya ile ngoma vizuri kuliko waandishi wengi waliofuata. Wanawake wa Kasigau basi walipelekwa uhamishoni katika nchi ambayo moshi wake ulikuwa haujatulia, na ambako habari za mwanamke aliyecheza hadi serikali ikaogopa zilikuwa bado mbichi. Walichosikia, walichoimba, walichowaambia watoto wao usiku, hakuna karani aliyekiandika.

Upande wa kusini wa pwani hiyohiyo, Unguja, sauti moja ya mwanamke iliandikwa, na iliandikwa kwenye santuri. Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, aliyeanza maisha ya mjini kwa kuuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Miongoni mwa nyimbo zake ni ule wa Kijiti. Ulitungwa juu ya kisa cha kweli: mwanamke mjamzito kutoka bara alikuja Unguja kutembea, akachukuliwa kwenda kustarehe, akabakwa na kuuawa. Mwuaji akatorokea bara. Mkono wa sheria ukawageukia wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu.

Siti alilitaja jina la mwanamume huyo. Huo ndio ujasiri wa wimbo ule, na ndiyo sababu unaimbwa mpaka leo, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake mwaka 1950. Mahakama ilimkosa Kijiti, wimbo haukumkosa. Katika visa vingi vya namna hii tunavyovijua sote, anayebaki na jina mdomoni mwa watu ni aliyeumizwa: alikuwa wapi, alivaa nini, alikunywa nini. Siti aliigeuza kamera kabla pwani yetu haijaizoea kamera. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, alimwona kama mtu aliyeinua hadhi ya wanawake na ya lugha. Mimi namwona pia kama shahidi aliyekataa kuteta kwa mafumbo pale ambapo jina lilihitajika.

Kasigau haikuwa na Siti wa santuri. Ilikuwa na mkonge.

Kusuka vikapu kulikuwepo kabla ya mashamba makubwa ya mkonge, kwa nyuzi za magome ya miti, mbuyu ukiwa mmojawapo. Mashamba yalipoenea katika nchi ya Taita wakati wa ukoloni, pale Mwatate na kuizunguka Voi, mkonge uliingia pia mikononi mwa wanawake. Jani huparuliwa mpaka ibaki katani nyeupe, ikaanikwa, ikachanwa. Kisha msusi hukaa chini, akanyoosha mguu na kuisokota juu ya paja, nyuzi mbili zikipandana kuwa uzi mmoja. Ngozi ya paja huwa ngumu kwa miaka. Rangi ilitoka kwenye magome, mizizi na majani kabla unga wa dukani haujafika. Kikapu huanzia kitakoni na kupanda kwa mzunguko, na kikiwa kikubwa huchukua wiki kadhaa, kwa sababu hakuna anayesuka tu. Msusi anasuka akilinda shamba lisivamiwe na ndovu, akingoja maji yachemke, akiwa ameketi msibani au kwenye kikao cha chama cha kuweka akiba.

Sitaki kumpa mgeni hadithi tamu kwamba kila mstari wa kikapu una siri ya kale. Mistari mingine ni ya kupendeza tu, na uzuri hauhitaji kibali. Ninachosema ni kwamba kile kikao cha kusuka kilikuwa mahali pekee ambapo wanawake walikaa saa nyingi pamoja, mikono ikionekana kufanya kazi, bila mwanamume kuuliza wanazungumza nini. Hapo ndipo ilipojulikana nani amepigwa, nani amefukuzwa na watoto, binti wa nani ameacha shule na kwa sababu gani.

Wanaume wengi hawakuwepo wa kuuliza hata hivyo. Kodi ya kibanda iliwasukuma Mombasa, kwenye reli na kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Hifadhi ya Tsavo, ambayo leo inameza karibu asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta. Kasigau ikabaki katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mashamba yake yakiwa njia ya ndovu, na wanaokutana na ndovu alfajiri mara nyingi ni wale wanaokwenda kisimani. Baadaye Mtaita, Fadhili William Mdawida, alirekodi wimbo uliozunguka dunia, Malaika, ambao Miriam Makeba naye aliuimba. Kijana analia kwamba hana mali ya kumwoa ampendaye. Ni wimbo mzuri, nami naupenda. Lakini katika nyimbo zote zilizotoka upande huo, sijasikia ule wa msichana mwenyewe ukivuma hivyo, akieleza ni nini kuhesabiwa kwa ng'ombe.

Mwaka 1952, Harris akiwa anamalizia utafiti wake, Maendeleo ya Wanawake ilikuwa ndiyo kwanza imeanzishwa chini ya mwavuli wa serikali ya kikoloni. Ilifundisha kushona, kupika, usafi na kazi za mikono. Yalikuwa mafunzo yenye faida, na vikundi vingi vya leo vina mizizi yake humo. Hata hivyo yalikuja na picha fulani ya mwanamke mwema: mikono ina shughuli, mdomo umetulia. Picha hiyo imeshikamana na kazi za mikono mpaka leo. Mchoro ukutani ni sanaa. Kikapu ni bidhaa. Mchoraji hutia saini. Msusi hulipwa kwa kipande.

Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkuu wa wanawake jijini Nairobi, na maelfu ya wanawake wa dunia walirudi kwao na kiondo, kikapu cha kusuka, begani. Kwa muda biashara ilipanda. Kisha viwanda vya Asia vikaiga kiondo kwa mashine, bei ikaanguka, na msusi wa kijijini akawa mtu wa mwisho kuelezwa sababu. Mkutano huohuo uliweka suala la ukatili dhidi ya wanawake katika maazimio yake. Miaka 6 baadaye, Julai 1991, wasichana 19 walikufa katika Shule ya St. Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule hiyo kuwavamia bwenini usiku, na makumi ya wengine wakabakwa. Kenya nzima ilishtuka. Ilichukua miaka mingine 15 kupata Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyosukumwa bungeni na Njoki Ndung'u, na kukawa na wabunge waliocheka wakati wa mjadala. Katiba ya 2010 ikaagiza ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ikaja 2015. Karatasi zimejaa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15.

Katikati ya mabadiliko hayo, Kasigau ilipata umaarufu wa ghafla. Mike Korchinsky alianzisha kampuni ya Wildlife Works mwishoni mwa miaka ya 1990 katika ranchi ya Rukinga, ikiwa na kiwanda cha nguo kilichoajiri wanawake wa hapo. Mwaka 2011 mradi wake wa msitu, unaoenea karibu hekta 200,000 kati ya hifadhi mbili za Tsavo, ukawa wa kwanza duniani wa aina yake kupata hati za kaboni zilizothibitishwa chini ya kanuni zinazosimamiwa na shirika la Verra. Kampuni kubwa za ng'ambo zilinunua hati hizo ili kufidia moshi wao. Fedha zilijenga madarasa, zililipa karo, zilileta maji na ajira za askari wa misitu. Pembeni mwake lilikua shirika la Hadithi, lenye makao Maungu kwenye barabara kuu ya Mombasa, linalounganisha vikundi vya wasusi na wanunuzi wa mbali. Kwa mara nyingine kikapu cha Kasigau kilifika Ulaya na Marekani, safari hii bila madalali watano njiani.

Wajibu wangu hapa ni kusema yote mawili. Ajira hizo zilibadilisha maisha ya wanawake wengi, na nchi kame kama ile haina ajira za kuchezea. Na mahali ambapo mwajiri ni mmoja, mwenye cheo ndani yake ana mamlaka ambayo chifu hana. Novemba 2023 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambalo ni shirika lisilo la kiserikali, yalitoa ripoti kuhusu mradi huo. Waliohojiwa, wakiwemo wafanyakazi wa sasa na wa zamani, walidai kwamba kwa miaka mingi baadhi ya wanaume wenye vyeo waliwadai wanawake ngono ili wapate kazi au kupandishwa, na kwamba wake za wafanyakazi nao waliandamwa. Kampuni iliomba radhi, ikasema uchunguzi ulioagizwa kwa mawakili ulithibitisha mwenendo mbaya wa watu wachache ambao ilichukua hatua dhidi yao, na ikakana kwamba jambo hilo lilikuwa desturi ya mradi mzima. Verra nayo iliuweka mradi chini ya uchunguzi.

Nilipoisoma ripoti ile nilisimama kwenye jambo moja: majina ya waliosema yamefichwa. Ilibidi yafichwe, kwa usalama wao, na watafiti walifanya sawa. Lakini tazama mfululizo. Wanawake wa saka hawana majina katika maandishi ya Harris. Waliokufa Malindi hawana majina. Wasusi waliojaza mabega ya wajumbe wa 1985 hawana majina. Na 2023, ili mwanamke wa Kasigau aseme ukweli juu ya mwili wake, ilimlazimu kwanza aache jina lake mlangoni. Miaka mia moja karibu baada ya Siti kumtaja Kijiti, bado anayejificha ni aliyedhulumiwa.

Ndiyo maana sioni kazi za wasanii wa kike wa leo kama anasa ya watu wa mjini. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi 1972, alitengeneza mwaka 2019 sanamu za shaba alizoziita Shavasana. Mwili wa mwanamke umelala chini, umefunikwa mkeka wa kusuka, na kinachoonekana ni miguu na mikono. Kila mtu wa kwetu anajua mkeka uliotandazwa juu ya mtu kando ya barabara unamaanisha nini. Mwaka 2021 aliziweka sanamu hizo uani mwa jumba la makumbusho la Legion of Honor huko San Francisco, mbele ya ile sanamu maarufu ya mchongaji Rodin ya mwanamume anayewaza, ili mwanamume huyo wa shaba awaze akiwa na maiti za wanawake miguuni pake. Mkeka, kazi ya mikono isiyotiwa saini, ukawa ndio kauli nzito kuliko zote uani pale. Mutu ametumia pia umbo la kikapu kwenye sanamu zake za shaba, na msusi wa Bungule hahitaji mwalimu kumwambia mkunjo ule umeanzia wapi.

Karibu zaidi na Kasigau, mjini Voi, anaishi Mwanaisha Abdalla, ambaye Wakenya wanamjua kwa jina la Nyota Ndogo. Alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu kabla sauti yake haijamtoa. Nampa nafasi hapa kwa sababu mtumishi wa ndani ndiye mwanamke ambaye ukatili dhidi yake husikika mara chache kabisa, maana hutokea nyuma ya mlango ambao si wake. Yeye hakuificha historia hiyo alipopata jina. Aliitaja mbele ya watu waliozoea wasanii wanaojifanya wamezaliwa na viatu miguuni.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, baada ya mwezi wenye vifo vilivyofuatana. Waliandika majina ya waliouawa kwenye mabango, wakayatamka kwa sauti barabarani. Desemba mwaka huohuo waandamanaji wa jambo hilohilo walirushiwa vitoa machozi. Sikuona gazeti lolote likiunganisha maandamano hayo na Taita ya 1950, wala sikutarajia. Lakini watu waliokusanyika, wakapaza sauti kwa pamoja na kutoa kilichokuwa vifuani mwao ili kisiwaue, walikuwa wakifanya jambo ambalo mama zetu wa Dawida wangelitambua mara moja.

Kutoa sauti kuna gharama zake, na za Kasigau ni za shilingi. Kutoka Rukanga hadi barabara kuu pale Maungu ni zaidi ya kilomita 30 za vumbi, kisha kuna safari ya Voi, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na kesi yake inahitaji fomu ya polisi ya P3 iliyojazwa na daktari. Hiyo ni nauli ya bodaboda, ya matatu, ya kurudi, na pengine ya kurudi tena kwa sababu afisa hakuwepo. Wapo wazee watakaosema jambo limalizwe nyumbani kwa mbuzi mmoja, na mbuzi huyo hupewa baba, hapewi yeye. Kinachomwezesha mwanamke kukataa mbuzi huyo na kupanda bodaboda ni fedha ambazo hakumwomba mtu yeyote, nazo kwa wengi wa Kasigau ni zile za mauzo ya kikapu, zilizowekwa kwenye chama au kwenye simu yake mwenyewe yenye namba ya siri anayoijua yeye peke yake.